Wanabahani ni Wangapi?



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kile kisanduku cha fomu kinachouliza jina la ukoo. Hakuna mzazi kati yetu aliyemwandikisha mwanawe shuleni, au aliyempeleka mgonjwa hospitalini, au aliyeomba pasipoti katika nchi hizi, ambaye hajakutana nacho. Kwa mwenyeji wa hapa kisanduku hicho hakina taabu hata kidogo: huandika jina alilolipata kwa baba yake, ambaye naye alilipata kwa babu, na yakaisha. Kwetu sisi ni mtihani, maana majina yetu hayakujengwa kwa kufuata visanduku.

Jina letu ni mnyororo. Mtu huitwa fulani bin fulani bin fulani, kila pete ikikamata pete iliyo juu yake, hata mnyororo ufike pale ambapo wazee wamechoka kukumbuka au wameona yatosha. Mwishoni ndipo hutundikwa nisba, yaani neno la kueleza mtu huyu ametoka kabila gani au mji gani: Mazrui, Barwani, Kindi, Shirazi, Nabahani. Nisba hiyo haitajwi kila siku. Hutajwa wakati wa kuposa, wakati wa kugawa mirathi, na matangani, pale mzee mmoja anapomkazia macho kijana asiyemjua na kumuuliza, "Wewe ni wa nani?" Mtu aweza kuishi Lamu au Mombasa miaka sitini, akazaa, akaozesha, akazikwa, asiiandike nisba yake mahali popote, na kila mtu akawa anaijua.

Mnyororo huo ukitiwa katika kisanduku hukatika, na hukatika popote pale kisu kinapoangukia. Tunamjua mama mmoja ambaye kwa miaka kadhaa barua zake za hospitali zilikuwa zikija kwa jina la Bi. Binti. Karani aliona neno hilo limekaa katikati ya jina lake na la marehemu baba yake, akadhani ndilo la ukoo. Alipokwenda kulalamika aliambiwa kwa upole mwingi kuwa jina hilo ni zuri.

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni Wanabahani kwa baba. Hatusemi hayo kwa kujifakharisha, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametukanya kujifakharisha kwa nasaba, twasema kwa kuwa hesabu tunayotaka kuieleza inatuhusu. Katika pasipoti zetu hamna Nabahani. Marehemu baba yetu alipokata pasipoti aliandika jina lake, la baba yake Omar na la babu yake Athman, kama walivyofanya wenzake wote, na lile la mwisho likawa ndilo la ukoo. Ami yetu, waliochangia ziwa moja, yeye aliandika majina mawili tu. Basi sisi hapa Uingereza ni kina Athman, na watoto wa ami ni kina Omar, na mtu asiyetujua hawezi kuota kwamba babu yetu ni mmoja. Kwa upande mwingine, watoto wetu walikuwa darasa moja na watoto wa jamaa mmoja wa Malindi ambao nao ni kina Athman. Mwalimu wao aliwachukulia wote kuwa ni ndugu. Ni ndugu katika Uislamu, lakini Athman wao na Athman wetu hawakupata kuonana.

Mtoto wetu wa pili alipewa kazi shuleni: kila mwanafunzi atafute asili ya jina la ukoo wake, maana yake, na idadi ya watu wanaolibeba. Wenzake hawakutaabika. Kina Smith walikuta kuwa mzee wao alikuwa mhunzi, na kina Baker kuwa wao ni wa mwoka mikate. Yeye alituuliza atafute lipi, Athman au Nabahani. Tukamwambia Nabahani, kwa kuwa Athman ni jina la mtu mmoja tu, Mola amrehemu. Akalitafuta katika orodha aliyopewa, asilione. Akaandika katika daftari lake: sifuri.

Sifuri ile ilitukera. Haikuwa kosa la mtoto, kwani aliandika alichokiona. Lakini watu walio hai, wanaokula na kunywa na kugombana kwa simu kila sikukuu, wamekuwaje sifuri? Ndipo tukaanza kuchungua orodha hizi hutengenezwa vipi.

Orodha iliyo wazi kuliko zote ni ya Marekani. Ofisi yao ya sensa ilikusanya majina ya koo yote yaliyoandikwa katika hesabu ya watu ya mwaka 2010, ikakuta majina mbalimbali yapatayo milioni 6.3. Smith lilikuwa la kwanza, likiwa na watu 2,442,977. Lakini ofisi haikuyatangaza majina yote. Ilitangaza yale tu yenye watu 100 na zaidi, nayo ni 162,253. Majina hayo peke yake yalichukua watu tisa katika kila kumi. Waliobaki, zaidi ya watu milioni 29, wamekusanywa mwishoni mwa orodha katika mstari mmoja ulioandikwa "majina mengine yote". Fikirini, ndugu zetu: majina zaidi ya milioni sita katika mstari mmoja. Ni kweli kwamba mengi kati ya hayo ni makosa ya maandishi, herufi iliyoruka au iliyoongezwa. Lakini mengine ni watu kama sisi.

Hapa Uingereza, kamusi kubwa ya majina ya koo iliyotolewa Oxford mwaka 2016, yenye juzuu nne na majina zaidi ya 45,000, nayo ilifanya watu mia kuwa kizingiti chake kwa majina ya siku hizi. Hatuwalaumu. Jina lenye watu watatu likitangazwa pamoja na mji wao, ni sawa na kutangaza mlango wa nyumba yao. Lakini matokeo yake ni kwamba jina adimu halionekani, na mtoto akiambiwa halimo huelewa kwamba halipo.

Liko jambo jingine linalotupunguza, nalo ni letu wenyewe. Orodha hizo hazihesabu koo, zinahesabu maandishi. Kwa herufi za Kiarabu jina letu lina sura moja, halina ugomvi. Likivushwa kuingia herufi za Kizungu hupasuka. Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni, aliyefariki mwaka 2017, mshairi aliyekipa Kiswahili neno runinga na mengine mengi, alimalizia kwa y. Wengine humaliza kwa i, wakaandika Nabhani. Ulimi wa Mswahili haupendi b na h zikutane bila irabu katikati, kwa hiyo sisi kwetu hutamka Nabahani, na wapo wanaoandika hivyo hivyo. Walioko Muscat huandika Al-Nabhani, na hapo tena kuna wanaotia kistari, wanaoacha nafasi, na wanaounganisha. Sensa ya Marekani huondoa nafasi na vistari vyote, ndiyo maana De la Cruz imo humo kama neno moja. Kwa hiyo Al-Nabhani atapangwa kwenye A, mbali kabisa na ndugu yake aliye kwenye N. Mwarabu akipanga majina huiruka "al" kana kwamba haipo. Kompyuta ya huku hairuki kitu. Ukoo mmoja, basi, unaweza kugeuka majina matano, na kila moja likashindwa kufika mia.

Tukamweleza mtoto hayo. Akasema amefahamu, lakini mwalimu atataka pia asili na maana. Hapo tulikuwa na la kusema.

Nabhan kwa Kiarabu ni mtu aliye macho, asiyepitwa na jambo. Mzizi wake ndio uliotupa Kiswahili neno tanabahi: mtu aliyeghafilika akizinduka husema ametanabahi. Lakini jina moja si lazima liwe ukoo mmoja. Wako Banu Nabhan wa kaskazini ya Bara Arabu, tawi la kabila la Tayy. Mtu wao mashuhuri ni yule sahaba mpanda farasi, Zayd al-Khayl, ambaye Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina akamwita Zayd al-Khayr, Zayd wa heri badala ya Zayd wa farasi. Na wako Banu Nabhan wa Oman, ambao huhesabiwa katika Atik, tawi la Azd. Hawa na wale nasaba zao ni mbalimbali. Sheikh Yusuf al-Nabhani, aliyezaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Ijzim huko Palestina na akaandika vitabu vingi vya kumsalia Mtume, hana uhusiano na Bahla wala Pate, ijapokuwa kwenye orodha yoyote ya majina atakaa bega kwa bega na jamaa zetu. Hesabu ya majina, kwa hivyo, hukosea pande zote mbili: huwatenga ndugu, na huwakutanisha wasiojuana.

Wanabahani wa Oman walikuwa wafalme. Utawala wao huhesabiwa tangu mwaka 1154 hivi mpaka 1624, ingawa haukuwa mfululizo, kwani Maimamu waliwapokonya mara kwa mara, na mwishowe akaja Imamu Nasir bin Murshid wa Yaarubi akaufunga ukurasa wao. Makao yao makubwa yalikuwa Bahla, na ngome ya mji huo, iliyojengwa kwa matofali ya udongo, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1987. Ibn Battuta alipopita Nizwa katika karne ya 14 alimkuta sultani akiitwa Abu Muhammad bin Nabhan, na akaeleza kwamba Abu Muhammad ni lakabu ya kila mtawala wa huko. Hata sultani, basi, alikuwa akijulikana kwa jina lisilo lake.

Vipi jina hili lilifika kwetu? Taarikh ya Pate inasema kwamba mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204, mfalme wa Kinabahani aliyeitwa Suleiman bin Suleiman, baada ya kushindwa Oman, alifika Pate na watu wake. Wenyeji wa Pate walikuwa Wabatawi. Mfalme wao alimwoza Suleiman binti yake, na siku saba za fungate zilipokwisha, bwana harusi alipokwenda kumwamkia mkwewe, mkwe akampa ufalme kuwa zawadi ya binti yake. Tangu siku hiyo Pate ikawa ya Wanabahani.

Wanahistoria wameitilia shaka tarehe hiyo. Neville Chittick aliandika mwaka 1969 kwamba Pate haikuwa mji wa kutajika katika karne hizo za mwanzo. Wachimbuzi waliokuja baada yake wamekuta dalili za watu kukaa pale tangu kale zaidi ya alivyodhani yeye, lakini kuwepo kwa mji ni jambo moja na kuwepo kwa wafalme wa Kinabahani ni jambo jingine. Isitoshe, Oman yenyewe ilikuwa na Suleiman bin Suleiman al-Nabhani, mfalme na mshairi, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 15, zaidi ya miaka 200 baada ya tarehe ya Taarikh. Rai yetu ni kwamba wazee wa Pate hawakusema uongo juu ya asili, ila huenda walisogeza tarehe nyuma, kama wanavyofanya watu wa kila mahali wanapotaka mji wao uwe mkongwe kuliko mji wa jirani. Mwenye kujua zaidi atutoe kiza.

Linalotupendeza sisi katika kisa hicho si tarehe. Ni kwamba jina lilikuja na mwanamume, na mji ulikuja na mwanamke. Jina la binti yule halikumbukwi kama linavyokumbukwa la mumewe. Nasaba ya Wabatawi ilizama ndani ya ile ya Kinabahani, na watoto wake mwenyewe wakaitwa kwa baba yao, kama dini inavyoamrisha.

Aliyeihifadhi Taarikh hiyo kwa moyo hata ikaandikwa alikuwa mtu wa ukoo wenyewe, na jina lake ni darasa tosha. Watu walimwita Bwana Kitini. Jina lake kamili ni Muhammad bin Fumo Omar, Nabahani. Kapteni Stigand alitoa maelezo yake kwa Kiingereza katika kitabu cha mwaka 1913, na Bibi Alice Werner akatoa maandishi ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Tujiulize: lau Bwana Kitini angefika leo katika uwanja wa ndege wa London, angeandikwa nani? Kitini ni lakabu. Fumo ni cheo cha wafalme wa pwani. Bila shaka angetoka pale akiwa Bwana Omar, na Taarikh yake ya miaka mia saba ingebaki nje ya kisanduku.

Wafalme wa Pate nao hatuwajui kwa Nabahani. Tunawajua kwa Bwana Mkuu, Fumo Madi, Fumo Luti, na katika karne ya 18 alikuwepo malkia, Mwana Khadija. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, nguvu ya Pate ilivunjika. Baadhi yao wakahamia Siyu, kisha bara, mpaka Ahmed Simba akaweka makao yake Witu. Mwaka 1885 akaingia katika himaya ya Wajerumani, na mwaka 1890 Wajerumani wakaikabidhi Witu kwa Waingereza, ambao mwezi wa Oktoba mwaka huo huo waliupiga mji na kuuchoma moto. Watu wakatawanyika. Waliokwenda Lamu, waliokwenda Mombasa, waliokwenda Unguja, kila mmoja alichukua jina la baba yake, na nisba akaiacha midomoni mwa wazee.

Sasa turudi kwenye hesabu. Waingereza wenyewe waliwahi kuingiwa na hofu ya kupotea majina. Mwaka 1873 mtaalamu Francis Galton aliuliza swali katika gazeti moja la waalimu: yeye aliona majina ya watu mashuhuri wa zamani yakitoweka, akataka kujua kama ni kwa sababu ya udhaifu wa watu hao au ni bahati tu. Kasisi mmoja mjuzi wa hesabu, Watson, akamjibu. Jawabu lao kwa ufupi ni hili: jina hupita kwa watoto wa kiume peke yao, na katika kila kizazi wapo wanaume wasiojaaliwa mtoto wa kiume. Jina lililo kwa mtu mmoja au wawili linaweza kukatika kwa kizazi kimoja au viwili bila ya maradhi wala vita, kwa kudra tu. Watson alifika hadi kusema kuwa majina yote mwishowe yatakatika, na hapo alichupa mipaka. Wataalamu waliomfuata walimsahihisha, kwani ukoo unaozidi kuongezeka una nafasi ya kudumu. Lakini kwa jina changa katika nchi ngeni, lililoletwa na mwanamume mmoja na sanduku lake, hesabu yao ni ya kweli.

Tukaona tusingoje sensa ya mtu. Tulichukua daftari, tukampigia simu ami yetu Mombasa na shangazi yetu aliyeko Muscat, tukaanza kuwahesabu waliotokana na Athman wetu, walio hai, kwa upande wa baba. Kazi hiyo ilituchukua Ijumaa nne. Ami alikuwa akitaja watu kwa lakabu, na kila lakabu ilihitaji kisa chake. Yuko aliyeitwa Nahodha ambaye hajapanda hata mtumbwi. Mwisho tukapata watu 83. Majina ya mwisho waliyonayo katika vitambulisho vyao ni 11. Wengi zaidi ni kina Omar na kina Athman. Wenye Nabahani, kwa maandishi yoyote yale, ni 14 tu, nao wamegawika katika namna tatu. Kwa hiyo, hata lau ukoo huu wote ungekuwa nchi moja na kuhesabiwa kwa uangalifu, ungeonekana ni majina 11, kila moja halifiki pahala.

Tulipomsomea shangazi hesabu hiyo alituuliza wanawe wako wapi. Tukamweleza kwamba tumefuata nasaba, na nasaba hufuata baba.

"Hilo mwanifundisha mimi?" akasema. "Nami ni binti Omar mpaka leo, miaka arubaini na tisa ya ndoa, sikubadilisha jina kama hao wake wa huko mliko. Lakini hiyo Pate mnayojivunia, babu zenu waliipata kwa nani?"

Hatukuwa na jawabu. Tukafungua ukurasa wa pili wa daftari, tukawaandika na watoto wa mabinti, na watoto wa watoto wao. Hesabu ikapita 150. Humo yumo ndugu mmoja wa babu yetu aliyejaaliwa mabinti watano na mtoto wa kiume hakupata. Katika ukurasa wa kwanza mzee huyo hana mtu. Kwa hesabu ya Galton amekwisha. Katika ukurasa wa pili ana wajukuu na vitukuu 34, mmoja wao akiwa daktari aliyempasua jicho ami yetu bila ya kujua, hata siku ya kutolewa bandeji, kwamba anampasua jamaa yake. Tena walikuwa mji mmoja kwa miaka tisa.

Jambo hilo la daktari ndilo lililotutia hofu zaidi kuliko sifuri ya shuleni. Tumehimizwa tuzijue nasaba zetu kwa kadiri itakayotuwezesha kuunga udugu, na udugu hauungwi na mtu usiyemjua. Wazee wetu walikuwa na baraza na matanga ya kuwajulisha watu. Watoto wetu wana jina lililoko katika kadi, na kadi hiyo inasema Omar, au Athman, au Said. Baada ya vizazi viwili, kijana wa Toronto na kijana wa Leicester wataachana njiani kama wageni. Na akifariki mtu bila wosia, kadhi atauliza nani asaba wake, na hapo daftari ndilo litakalojibu, si kitambulisho.

Kwa hiyo tunawaomba, ndugu wasomaji, kila nyumba iliyo na mzee ifanye kama tulivyofanya, naye angali akikumbuka. Andikeni kurasa zote mbili. Andikeni jina kama linavyotamkwa na pia kwa herufi za Kiarabu, maana hizo ndizo zitakazowakutanisha walioachana kwa y na i. Na kama kuna msomaji mwenye karatasi za jamaa wa Pate, Siyu, Faza au Witu, tutashukuru kupata nakala.

Limebaki moja ambalo halijaamuliwa. Ndugu yetu mdogo amejaaliwa mtoto wa kiume. Sheria ya Uingereza inampa mzazi siku 42 za kumwandikisha mtoto, wala haimlazimishi kumpa jina la ukoo alilonalo yeye. Ami, kwa simu, ametaka mtoto aandikwe Nabahani, ili jina lianze tena huku. Shemeji yetu, mama wa mtoto, ana hoja yake nayo si ndogo: dada wawili wa mtoto huyu wameshaandikwa Athman, na mama akisafiri na watoto wenye majina mbalimbali husimamishwa viwanjani na kuulizwa kama kweli ni wake. Kutoka Muscat kumekuja shauri kwamba ikiwa ni Nabahani basi itiwe "Al", na ami akasema hiyo "Al" imetoka wapi tena. Rai yetu sisi ni kwamba Athman liwekwe katikati na Nabahani mwisho, kwa maandishi ya matamshi yetu, na wale dada wawili wabadilishiwe kwa hati, kwani sheria inaruhusu. Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na tiketi moja ya kwenda matangani kwa mtu usiyemjua.

Jina lake mwenyewe halina mzozo. Siku ya saba alichinjiwa, akaitwa Omar. Siku ya 42 itaangukia katika wiki ile ambayo nakala hizi zitakuwa zikigawiwa baada ya swala ya Ijumaa, na mpaka tunapopeleka kurasa hizi kwenye mashine, baba yake bado hajatujibu.